Kitabu Si Tuzo ya Waliofaulu: Funzo la Barbara Kimenye kwa Vijana wa Kalerwe

Jioni, Barabara ya Gayaza inapofika Kalerwe huacha kuwa barabara ikawa soko. Mikungu ya matoke hushushwa, nakati na mchicha hupangwa mafungu juu ya magunia, bodaboda hupenya kati ya vikapu na miguu ya watu. Katikati ya pilikapilika hizo wapo watoto. Binti anamenya njegere kando ya mama yake. Mvulana mwenye sauti inayoanza kukwaruza anasukuma toroli lililojaa viazi. Kila nipitapo hapo naona jambo lile lile: mtoto aliye bado shuleni ana kijitabu cha maswali ya mitihani iliyopita mapajani, anajibu swali moja, anahudumia mteja, anarudi kujibu jingine. Mwenzake aliyeacha shule hana chochote cha kusoma. Kitabu cha hadithi, kile kinachosomwa kwa sababu msomaji anataka kujua litakalofuata, ni nadra kukiona mikononi mwa yeyote kati yao.

Nalisema wazi tangu mwanzo: tumeufunga usomaji kwenye mtihani, na mtihani unapomkataa mtoto, kitabu nacho kinamwacha. Huo ni udhalimu, na gharama yake inalipwa na kaya za watu wa kawaida. Mwandishi mmoja aliyewahi kuishi na kufanya kazi katika jiji hili la Kampala alituonyesha njia nyingine zaidi ya nusu karne iliyopita. Jina lake ni Barbara Kimenye. Aliandika kwa ajili ya vijana, na shujaa aliyempa umaarufu alikuwa mvulana ambaye shule zilikuwa zimemchoka.

Mgeni aliyewaona wenyeji

Kimenye alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na asili ya visiwa vya Karibi, mama yake Mwingereza. Alisomea uuguzi London, na huko akakutana na kijana kutoka Bukoba, Tanganyika. Wakaoana, na katikati ya miaka ya 1950 wakahamia kando ya Ziwa Viktoria. Ndoa ilipovunjika, hakufungasha kurudi Uingereza. Alivuka kuja Kampala akiwa na wanawe wawili, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, pale Mengo, kisha akaingia kwenye uandishi wa habari katika gazeti la Uganda Nation.

Tafakari hali ya mwanamke huyo. Mama anayelea watoto peke yake, katika nchi ambayo hakuzaliwa, inayoukaribia uhuru na kuingia katika misukosuko yake. Wengi wangejifungia ndani ya duara la wageni wenzao. Yeye alitoka nje akasikiliza. Mwaka 1965 akatoa kitabu cha hadithi fupi za kijiji cha Kalasanda, na mwaka uliofuata kingine cha kijiji hicho hicho. Ndani yake mna wazee, wajane, wapiga soga na wenye kujiona, watu wa Buganda wa kila siku wakiishi maisha yao bila ya kusubiri kuelezwa na mtu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na wenyeji wakajiona kurasani wakiwa watu kamili.

Mwaka 1965 alihamia Nairobi, akaendelea na kazi ya magazeti. Baadaye aliishi London, akawa mshauri wa masuala ya uhusiano wa rangi katika serikali ya mtaa. Alirudi Uganda mwaka 1986, akaenda tena Kenya, na mwishowe akatulia London, alikofariki Agosti 2012. Maisha yake yalipita Bukoba, Kampala na Nairobi, na vitabu vyake vikafuata njia hiyo hiyo. Viliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Kwa mwandishi wa hadithi za vijana katika eneo ambalo mpaka leo tunaambiwa kwamba watu wake hawasomi, hilo ni jambo la kutufikirisha. Nani aliwalazimisha wasomaji wote hao?

Shule ya waliokataliwa

Vitabu vilivyobeba sehemu kubwa ya umaarufu huo ni mfululizo wa Moses, ulioanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya Oxford University Press jijini Nairobi. Moses Kibaya ni mwanafunzi wa shule ya bweni inayoitwa Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Jina ni refu na zito, hali ya shule yenyewe ni duni. Waliomo ni wavulana ambao shule nyingine zimeshindwa nao. Rafiki yake mmoja anaitwa King Kong. Mwingine anaitwa Itchy Fingers, kwa kuwa vidole vyake haviwezi kupita karibu na mali ya mtu vikatulia. Bweni lao ni kiota cha mipango isiyoenda ilivyopangwa.

Mwandishi mwingine angewachukua wavulana hao akawafanya mfano wa kuogopesha wenzao. Angewapa adhabu ukurasa wa mwisho na kumwacha msomaji na onyo. Kimenye hakuandika hivyo. Aliwapa akili, uaminifu wa kirafiki, hofu, njaa na ucheshi. Waliokosea walibaki kuwa watu wa kupendwa. Mtoto aliyekuwa akisoma vitabu hivyo mjini au kijijini, awe wa kwanza darasani au wa mwisho, alikuta mlango ulio wazi. Kwa yule wa mwisho mlango huo ulikuwa na thamani zaidi, kwa sababu milango mingine mingi alikuwa ameshafungiwa.

Hapo ndipo ninapouona urithi wake. Kulikuwa na waandishi wakubwa Afrika Mashariki katika miaka hiyo. Mwaka 1962 Makerere, kilima kinachotazama chini upande wa Kalerwe, kilikuwa mwenyeji wa mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino. Mambo mazito yalijadiliwa: ukoloni, lugha, utamaduni, madaraka. Wakati huo huo Kimenye alikuwa akishughulika na swali ambalo wakubwa wengi hawakulipa nafasi: mtoto wa miaka kumi na mitatu atasoma nini usiku huu, kitabu ambacho hakuna aliyemwagiza asome?

Mtihani unapokuwa mlango pekee

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yanapotangazwa, magazeti yetu hujaa picha za watoto waliopata jumla ya alama nne, yaani alama ya juu kabisa katika masomo yote manne. Wazazi wanawabeba mabegani, walimu wanacheza. Furaha hiyo ni halali. Lakini hebu tuulizane: siku hiyo nani anamtazama mtoto aliyeishia daraja la nne, au yule ambaye hakupata daraja lolote? Anaingia sokoni kimya kimya. Kesho yake anasukuma toroli. Vile vijitabu vya maswali vinatupwa au vinapewa mdogo wake, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Na kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa kitabu cha aina nyingine, anaamini kwa moyo mweupe kwamba yeye na kusoma wameachana.

Idadi ya watoto wa namna hiyo iliongezeka baada ya janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyozifunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika muda huo wa karibu miaka miwili, binti aliyekuwa na miaka kumi na minne alifikia kumi na sita. Wengine walirudi darasani. Wengine walikuwa wamekwisha kuwa akina mama, au mafundi wasaidizi, au wachuuzi. Serikali ilihesabu madarasa yaliyofunguliwa. Sijaona tukihesabu vitabu vilivyowafikia wale ambao hawakurudi.

Wapo wanaosema vijana hao hawapendi kusoma. Mimi sikubali, maana naona wanavyopenda hadithi. Nenda kwenye vibanda vya video vya Kampala, vya Bwaise au vya Kawempe, uone vijana walivyojazana mbele ya filamu ya kigeni huku msimulizi akiitafsiri kwa Kiganda, akiwapa wahusika majina ya mitaani na kuongeza vichekesho vyake mwenyewe. VJ Jingo alipata jina kubwa kwa kazi hiyo. Wasikilizaji wake wanakumbuka visa na mikasa kwa undani ambao mwalimu wa somo lolote angeutamani. Vijana wenye kumbukumbu kama hiyo wana njaa ya hadithi. Walichokosa ni kitabu kinachowasemesha kwa uchangamfu huo huo, kwa bei wanayoimudu, mahali walipo.

Hasara inayoingia nyumbani

Huenda msomaji akadhani naongelea burudani tu. Basi tuifuate hasara hii mpaka mlangoni.

Kijana wa Kalerwe akifika umri wa kuendesha bodaboda, mara nyingi huipata pikipiki kwa mkopo. Anapewa mkataba wa kurasa kadhaa wenye maandishi madogo. Aliyezoea kusoma kurasa mia kwa kutaka kujua mwisho wa kisa hatishwi na kurasa tano. Atasoma, atauliza, atagundua kifungu kinachosema pikipiki itachukuliwa akichelewa malipo. Asiyezoea atatia sahihi, na siku pikipiki inapochukuliwa, chakula cha nyumba nzima kinachukuliwa nayo. Vivyo hivyo mkopo wa simu unaokuja kwa kubonyeza kitufe kimoja. Masharti yameandikwa, asomaye ni nani?

Mlimani juu ya Kalerwe iko Hospitali ya Mulago. Mama mchuuzi anashuka kutoka huko na dawa tatu za mtoto, kila moja na maelekezo yake. Nyumbani mna binti wa miaka kumi na sita aliyeacha shule. Kama binti huyo ana mazoea ya kusoma, nyumba imepata msaidizi mkubwa. Kama usomaji ulimtoka siku alipotoka darasani, nyumba itakisia. Kukisia dawa ni jambo la hatari.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa shilingi. Kijana aliyeambiwa na mfumo mzima kwamba ameshindwa, akakosa hata hadithi moja ya mtu kama yeye aliyekosea kisha akaendelea kuwa mtu, huanza kuliamini neno hilo. Na mtu akishaamini kwamba amekwisha, nani atamshawishi ajaribu tena? Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo kijana huisikia kwa mdomo wa mkubwa anayemhubiria, ikamuingilia sikio hili na kutokea lile. Lakini akiishi usiku mzima na mvulana wa Mukibi aliyeharibu jambo, akahangaika kulitengeneza pamoja na wenzake, methali inakuwa imepata nyama na damu.

"Kwanza chakula"

Najua jibu nitakalopewa na mama wa Kalerwe, na ni jibu la haki: kwanza chakula, karo, kodi ya nyumba. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika na maji yakaingia vyumbani. Utamwambia mtu anayeinua godoro lisilowe kwamba anunue kitabu cha hadithi?

Simwambii auze chakula anunue kitabu. Namwambia, pamoja na wote wenye uwezo kuliko yeye, kwamba kitabu cha mtoto kimewekwa fungu lisilo lake. Tumekiweka pamoja na mapambo, wakati mahali pake ni karibu na sabuni: kitu kidogo kinachonunuliwa kwa zamu na kutumiwa na wengi. Kitabu kimoja cha kurasa mia kinaweza kupita katika nyumba ishirini za uchochoro mmoja kabla jalada halijang'oka. Haba na haba hujaza kibaba, na kitabu hakipungui kwa kusomwa.

Wengine watasema Moses amezeeka: ni mvulana wa bweni, wa Kiingereza, wa enzi za kabla ya simu, na wasichana wako wapi? Swali la wasichana ni zito. Kimenye mwenyewe hakuishia kwa Moses. Mwaka 1997 alitoa Beauty Queen, riwaya inayomhusu msichana na mashindano ya urembo, akijua kwamba binti wa zama hizo naye alihitaji kitabu chake. Kumheshimu mwandishi kama huyo ni kufanya alichofanya yeye: kuwatazama vijana waliopo, kuwasikiliza wanavyosema, kuandika hadithi wanazozitaka. Moses asomwe, na pembeni yake aje msichana wa sokoni, dereva chipukizi wa bodaboda, mtoto aliyehamia kutoka Kivu au Juba akaanza maisha upya katika mitaa ya Kampala.

Ushahidi kwamba mitaa yetu inaweza kubeba fasihi upo. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2014, inafunguka Bwaise, jirani kabisa na Kalerwe, na imesomwa mabara mengine. Hiyo ni kazi ya watu wazima. Ndugu wadogo wa riwaya hiyo, vitabu vya vijana vinavyofunguka Kalerwe, Kanyanya na Kyebando, wako wapi?

Na lugha? Kwa Kiswahili tunaye marehemu Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ya mwaka 1996 ilimfuata kijana Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba. Vijana wengi wa Kenya wameisoma shuleni, na wengi wao ukiwauliza leo wakiwa watu wazima watakusimulia kisa chote. Kongowea na Moses ni wa ukoo mmoja: vijana ambao dunia haikuwaandalia kiti, wakapewa kiti na mwandishi. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Uamuzi huo niliupokea kwa furaha. Lakini tukikileta Kiswahili darasani kwa vitabu vya sarufi na maswali ya kuchagua tu, tutakifanyia yale yale tuliyoufanyia usomaji wa Kiingereza. Kitakuwa somo la kufaulu au kufeli, na atakayefeli atakichukia. Lugha hupendwa kwa hadithi kabla ya kupendwa kwa kanuni.

Nani afanye nini

Wachapishaji wa Kampala na Nairobi waanze na toleo la bei nafuu: karatasi nyepesi, jalada la kawaida, ukubwa wa kuingia mfukoni. Vitabu vya Moses vipatikane pia kwa Kiswahili na Kiganda, kwa makubaliano na wenye haki zake, na waliopewa kazi hiyo wawe watu wanaojua kuchekesha kwa lugha hizo. Waandishi chipukizi waalikwe kuandika kwa ajili ya msomaji wa miaka kumi na tatu hadi kumi na minane, na walipwe. Mcheza kwao hutunzwa.

Shule za Kawempe zitenge kipindi kimoja kila wiki ambacho mwanafunzi atasoma anachotaka, bila swali mwishoni na bila alama. Walimu wakuu wataogopa kwamba muda huo unaibiwa kutoka kwa mtihani. Wajaribu. Mtoto aliyesoma hadithi nyingi hukutana na kifungu cha ufahamu kwenye mtihani kama mtu aliyezoea njia.

Viongozi wa masoko nao wana nafasi. Soko linaloweza kukusanya ushuru wa kila kibanda linaweza kutenga kona moja yenye kabati, mkeka na mtu wa kuandika nani ameazima nini. Walengwa wakubwa wa kona hiyo wawe wale walio nje ya shule, na pasiwepo wa kuwauliza cheti. Makerere iko hatua chache kutoka hapo. Wanafunzi wake wa ualimu na fasihi wangepata huko somo ambalo hakuna ukumbi wa mihadhara unaoweza kuwapa: kumsomea kwa sauti kijana aliyechoka kwa kazi na kuona ni ukurasa upi unaomfanya asahau uchovu.

Nasi wazazi na walezi tuache kumpokonya mtoto kitabu cha hadithi kwa kumwambia "kasome". Alikuwa anasoma. Usiku ukifika, hata kwa dakika chache, mmoja asome na wengine wasikilize, kwa lugha yoyote iliyopo nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na atakayelelewa na hadithi hatakoma kusoma siku atakaporudisha sare ya shule.

Barbara Kimenye alifika Kampala akiwa na kila sababu ya kushughulikia shida zake mwenyewe. Akachagua kuwapa muda na kipaji chake wavulana wa kubuni ambao hakuna shule nzuri ingewapokea, na kupitia kwao akawapokea wasomaji wa kweli kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Hakuwauliza daraja walilopata. Kama yeye, aliyezaliwa mbali hivyo, aliwaona vijana wetu kuwa wanastahili kitabu kizuri kabla ya kufaulu, wakati wa kufaulu na baada ya kushindwa, sisi tuliozaliwa nao uchochoro mmoja tuna udhuru gani?